NZI AFANANAYE NA NYUKI: MAFUNZO KWA WAKULIMA WA BARAY NA WATOTO WAO

Wakulima wa Baray na wa bonde lote la Ziwa Eyasi wajua kwamba kitunguu kilichoachwa kichanue hakitoi mbegu njema kisipotembelewa na wadudu. Wakati wa maua, mtoto apitaye kando ya mfereji huona wadudu wengi wenye mistari myeusi na ya manjano, naye hupiga kelele, "Nyuki!" Pengine huchukua kijiti akawapiga. Lakini wengi wa wadudu hao si nyuki. Ni nzi, nao hawana mwiba. Yafaa mtoto afundishwe kuwatambua, maana auaye nzi huyu amwua mlinzi wa shamba la baba yake.

Alama za kumtambua ni hizi:

1. Nyuki ana mabawa manne, mawili kila upande. Nzi huyu ana mabawa mawili tu.

2. Macho ya nzi ni makubwa, yamejaa karibu kichwa chote, na vipapasio vyake ni vifupi sana. Vipapasio vya nyuki ni virefu, navyo vimepinda kama kiwiko.

3. Nzi huweza kusimama hewani mahali pamoja, kana kwamba amening'inizwa kwa uzi, kisha hutoweka ghafula.

4. Nyuki wa asali huonekana mara nyingi amebeba chavua miguuni mwa nyuma. Nzi huyu habebi.

Mtoto atauliza, "Mbona amevaa nguo za nyuki?" Mjibuni hivi: ndege aliyechomwa na nyuki mara moja hukumbuka rangi zile, asitake kuzigusa tena. Nzi hana silaha, lakini rangi yake humtisha adui, naye husalimika.

Nzi mzima hula maji matamu ya maua na chavua. Mwindaji ni mtoto wake. Mama hutafuta mmea wenye vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, kama wale weusi wakaao juu ya kunde. Hapo hutaga mayai meupe, madogo mno, mfano wa punje ya mchele iliyopunguzwa sana. Baada ya siku chache hutoka funza. Funza huyo hana miguu wala macho. Mwili wake ni mwembamba upande wa mbele, na rangi yake ni ya kijani au ya hudhurungi. Hupapasa huku na huku, akigusa kidukari humkamata kwa kinywa, humwinua juu na kumfyonza hata ibaki ngozi tupu. Kabla hajakua funza mmoja aweza kula vidukari mamia.

Hapa ndipo wakulima wengi hukosea. Humwona funza juu ya jani, hudhani ni kiwavi, nao hupiga dawa. Kiwavi ana kichwa na miguu, naye hutafuna jani. Funza huyu hali jani kamwe. Dawa ya sumu humwua yeye pamoja na vidukari. Na vidukari wachache waliosalia huongezeka upesi, kwa kuwa jike huzaa watoto hai pasipo dume, na katika siku za joto mtoto huwa mama kwa muda wa juma moja hivi. Basi mkulima amenunua dawa kwa fedha yake, na vidukari wamerudi pasipo adui. Tena dawa ikipigwa mchana juu ya vitunguu vilivyochanua, nyuki na nzi hufa, na mbegu hupungua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kagueni chini ya majani asubuhi. Mkiona funza wengi kati ya vidukari, ngojeni siku chache, kisha kagueni tena. Vidukari wakiwa wachache mahali pamoja, waondoeni kwa maji au kateni ncha iliyojaa. Wakizidi na funza hawapo, mwulizeni afisa ugani kabla ya kununua dawa. Na ikilazimu kupiga, pigeni jioni nyuki wakiisha kurudi mzingani. Acheni giligilani kidogo ichanue ukingoni mwa shamba, nzi wapate chakula.

Mwisho, wapeni watoto kazi hii. Wakate jani lenye vidukari na funza mmoja, waliweke katika gilasi na kuifunika kwa kitambaa chepesi. Wahesabu vidukari jioni, wahesabu tena asubuhi. Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Mtoto aliyehesabu kwa macho yake atajua kwamba afananaye na nyuki naye ana faida yake, wala hatachukua kijiti tena.