Kaliba, Kipenyo na Nishati: Istilahi za Bunduki ya Hewa ya Kuwindia Wanyama Wadogo

Mfasiri apewapo kijitabu cha Kiingereza kinachoeleza matumizi ya bunduki ya hewa, hakosi kukutana na swali ambalo wawindaji wa Uingereza wamelibishania kwa miaka mingi: kwa sungura, njiwa na kindi, ifaayo ni kaliba ipi? Swali hili ni la kiufundi, lakini jibu lake hutegemea istilahi. Ni rahisi mno kulifasiri neno hilo kuwa "nguvu ya bunduki" au "ukubwa wa bunduki". Tafsiri zote mbili hupotosha, na hasara yake humwangukia mnyama, ambaye hujeruhiwa akaenda kufia kichakani badala ya kufa papo hapo.

Kwanza, jina la silaha yenyewe. Wako wasemao "bunduki ya upepo". Sisi twaona "bunduki ya hewa" ni bora, kwa kuwa upepo ni hewa iendayo, ilhali kinachoisukuma risasi hapa ni hewa iliyogandamizwa kwa springi na pistoni, au iliyojazwa ndani ya silinda. Baruti haimo kabisa.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulirudisha neno hili kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kielelezo cha kusubia, ambalo ndilo lililotupatia neno "kalibu". Maneno haya ni ndugu, lakini yasichanganywe: kalibu ni chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa, na kaliba ni kipimo.

Bunduki za hewa zina kaliba nne zijulikanazo sana: .177, .20, .22 na .25. Tarakimu hizi ni sehemu za inchi. Hapa pana mtego kwa msomaji asiyezoea, maana "mia moja sabini na saba" huonekana kubwa kuliko "ishirini na mbili", kumbe .177 ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa hiyo twashauri mfasiri aandike daima milimita pembeni: 4.5, 5.0, 5.5 na 6.35. Aidha yafaa ikumbukwe kwamba tarakimu ya inchi aghalabu ni jina tu. Inchi 0.22 kamili ni karibu milimita 5.6, lakini bunduki ya hewa iitwayo .22 hutajwa kuwa ya milimita 5.5.

Tofauti ya milimita moja isidharauliwe. Ukikokotoa eneo la duara, utaona kwamba risasi ya milimita 5.5 ina uso ulio mkubwa mara moja na nusu kuliko ile ya 4.5, na ya 6.35 ina uso wa karibu mara mbili.

Je, kaliba kubwa ina nguvu zaidi? La, si lazima. Neno linalohitajika hapa ni "nishati", nayo hupimwa kwa jouli. Uingereza yatupa mfano ulio wazi. Tangu mwaka 1969, katika England na Wales, bunduki ya hewa ambayo nishati yake hupita futi-ratili 12, yaani jouli 16.3 hivi, huhitaji hati ya silaha. (Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, huhitaji hati kwa karibu kila bunduki ya hewa.) Bunduki mbili zilizo kwenye mpaka huo, moja ya 4.5 na nyingine ya 5.5, zina nishati ileile. Zinatofautiana katika namna ya kuitumia. Risasi ya kwanza, yenye uzito wa gramu 0.55, hutoka kwa kasi ya meta 243 hivi kwa sekunde. Ya pili, ya gramu 1, hutoka kwa meta 180 hivi.

Kutokana na hayo twapata jibu la mwindaji. Tukiacha kando ukinzani wa hewa, katika masafa ya meta 30 risasi nyepesi hushuka chini ya mstari wa mtutu kwa sentimita 7.5 hivi, na nzito kwa karibu sentimita 14. Shabaha ya kichwa cha sungura haizidi sana upana wa sentimita tatu, kwa hiyo anayekosea kukadiria masafa husamehewa zaidi na kaliba ndogo. Kwa upande mwingine, risasi pana hutoboa tundu kubwa zaidi, nayo haielekei sana kupenya na kutokea upande wa pili na nishati yake. Kaliba ya 6.35, kwa nishati hiyo ndogo, huenda polepole na kushuka sana. Hufaa zaidi katika bunduki zenye nishati kubwa. Lakini hakuna kaliba iponyayo shabaha mbovu.

Wawindaji hao wana msemo wa zamani kwamba kaliba ndogo ni ya ndege na kubwa ni ya wanyama. Nao kwa Kiingereza husema manyoya ya aina mbili, kila moja kwa neno lake. Mfasiri akifuata neno kwa neno atapata "manyoya" mara mbili, na msemo wote utapotea. Hapa hana budi kuandika "ndege" na "wanyama".

Kuhusu risasi yenyewe, "marisau" halifai, kwa sababu ni punje nyingi zitokazo pamoja katika fataki moja. Ya bunduki ya hewa hutoka moja moja, nayo ina kiuno chembamba. Twapendekeza "kirisasi", wingi "virisasi". Neno hili litatuepusha pia na utata wa "risasi", ambalo ni jina la madini vilevile. Maana siku hizi viko virisasi visivyo na madini ya risasi.

Kwa watumishi wa serikali tuna nasaha moja. Ipo bunduki ya baruti ya .22, ambayo risasi yake hubeba nishati ya karibu mara kumi ya ile ya jouli 16. Fomu isemayo ".22" bila kutaja hewa au baruti haijasema kitu. Tena, uwindaji tuliousimulia ni wa Uingereza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, na Tanzania Bara huhitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kwa muhtasari, twapendekeza: "kaliba" kwa jina la aina; "kipenyo cha mtutu" kwa kipimo cha milimita; "nishati" kwa jouli; na "kirisasi" kwa kinachorushwa. Wasomaji wenye maneno yaliyozoeleka zaidi kwao twawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika.