Adamu au Turkana Boy? Mwache mtoto aulize

Kama ulipitia 8-4-4, hii unaijua. Uko Kidato cha Kwanza, kipindi cha CRE, unaandika kwamba Mungu alimuumba mtu kwa mavumbi ya ardhi. Kengele inalia. Mwalimu wa historia anaingia na mchoro wa viumbe walioanza kusimama wima mamilioni ya miaka iliyopita. Daftari mbili, majibu mawili, na hakuna anayekueleza yatakaaje kwa kichwa kimoja.

Mimi niliuliza. Nilitaka kujua kama Adamu aliishi kabla au baada ya hao watu wa mapangoni. Darasa likacheka, mwalimu akanipigisha magoti nje hadi kipindi kikaisha. Siku hiyo nilijifunza jambo moja tu: andika anachotaka mwalimu, chukua maksi, nyamaza. Tabia hiyo ilinifuata hadi chuoni. Chuo niliacha, tabia haijaniacha.

Sasa ni zamu ya mtoto wa sista yangu. Yuko Gredi ya 7. Juzi walipelekwa Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, akaona mifupa ya Turkana Boy. Jioni akaja na swali: "Anko, huyo alikuwa mtoto wa Adamu?" Mathe akaacha kukata sukuma. Jikoni kukawa kimya.

Nilianza na ninachojua. Hiyo si stori ya wazungu. Kipande cha kwanza cha mifupa hiyo kiliokotwa na Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Na mageuko hayasemi babu yako alikuwa sokwe wa leo. Yanasema sisi na sokwe tuna mababu wamoja wa zamani sana, kisha kila ukoo ukashika njia yake.

Mathe hakufurahi. "Wewe uliacha chuo, sasa unataka mtoto aache kanisa?" Ilinichoma, bana. Lakini uoga huo si wake peke yake. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjilisti hapa nchini walipinga mifupa hiyo kuonyeshwa kama ushahidi wa mageuko. Miaka 10 kabla ya hapo, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa amesema mageuko ni zaidi ya dhana tupu, na Wakatoliki hawakuacha misa.

Nikamwomba Mathe Biblia yake, tukafungua Mwanzo. Sura ya 1, wanyama wanaumbwa kwanza, halafu mwanamume na mwanamke. Sura ya 2, mwanamume anatangulia, wanafuata wanyama, mwanamke anakuja mwisho. CRE tuliyosoma ilifundisha tofauti hizo, tena zilikuwa swali la mtihani! Ilifundisha pia masimulizi ya jamii zetu kuhusu uumbaji. Kwa hivyo hata somo lenyewe linajua kwamba stori moja inaweza kusimuliwa kwa njia zaidi ya moja.

Nilimwambia mtoto hivi: Mwanzo inakwambia ni nani aliyekuleta na uishi vipi. Mifupa inakwambia mwili huu umepitia wapi, na lini. Kuna waumini wanaosoma Mwanzo neno kwa neno na hawakubali mageuko, na kuna wanaokubali yote mawili. Hilo pia ana haki ya kulijua.

Sisemi mwalimu wa CRE ageuke mwalimu wa sayansi. Naomba dakika mbili tu za kusema: "Swali zuri. Sayansi inasema hivi, imani yetu inasema hivi, na waumini wenyewe hawakubaliani." Mtoto aliyejibiwa hivyo atarudi kuuliza tena. Aliyepigishwa magoti atatafuta majibu kwingine, au ataacha kuuliza kabisa, kama mimi.

Mathe bado amenuna kidogo. Lakini jana aliniuliza kiingilio cha makumbusho ni pesa ngapi.

Wewe je? Mdogo wako akikuletea swali hilo leo jioni, utamjibu au utamwambia anyamaze ale?