Neva na Sumaku (4): Profesa Aliyeingiza Kichwa Ndani ya Koili

Juma hili nimesikia tena redioni bangili za sumaku zikinadiwa kwa waliopooza, eti huamsha mishipa ya fahamu. Aliyefuatana nami tangu makala ya kwanza anakumbuka zile milivolti 70 za umeme zilizopo kati ya ndani na nje ya seli ya neva iliyotulia, na kwamba zikipungua hadi kama 55, milango ya sodiamu hufunguka na ishara hutimua mbio. Je, sumaku iliyo nje ya mwili yaweza kuzipunguza?

Arsène d'Arsonval alionyesha huko Paris mwaka 1896 kwamba mtu akiingiza kichwa ndani ya koili kubwa yenye umeme wa mkondo geu, huona vimulimuli na kupata kizunguzungu. Kisha akaja ninayemhusudu zaidi, Silvanus Thompson, mkuu wa chuo cha ufundi cha Finsbury, London. Mwaka 1910 aliunda koili yake, akaingiza kichwa chake mwenyewe, akafumba macho, na mwanga hafifu ukapwitapwita mbele yake. Thompson ndiye aliyeandika maisha ya Faraday, yule aliyegundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika kipitishi kilicho jirani. Na kichwa cha binadamu, kilichojaa majimaji ya chumvi, ni kipitishi. Baadaye ilieleweka kwamba kilichochokozwa ni retina, si ubongo; hilo halimpunguzii heshima kwangu. Alikuwa na dai, akalijaribu kwanza kwenye fuvu lake. Wauza tiba wetu huanza na fuvu la mgonjwa, tena kwa malipo, na hilo ni dhuluma.

Ubongo wenyewe ulifikiwa mwaka 1985 mjini Sheffield. Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa, wakaachia umeme wa kapasita kwa mpigo mfupi sana. Uga wa sumaku ukapanda na kushuka ghafla, mkondo ukazaliwa kwenye gamba la ubongo, na misuli ya mkono wa upande wa pili ikashtuka. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu njia hiyo kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia.

Sasa bangili. Uga wake ni uleule asubuhi hadi jioni. Hata ukipunga mkono, mabadiliko ni ya polepole mno kuweza kuishtua neva. Aliyepooza anahitaji mazoezi ya viungo na kupimwa shinikizo la damu, na fedha ya bangili ingelipia nauli ya kliniki. Anayezinadi namwomba ataje kitu kimoja tu: ndani ya bangili hiyo, kinachobadilika ni nini?