Gertrude si jina la laana

Swali limerudi tena, safari hii kutoka Waithaka, Dagoretti. Mtoto wa kwanza wa kike amepewa jina la cucu (nyanya) yake mzaa baba, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Cucu ni Wanjiru, na kwa ubatizo ni Gertrude. Sasa mhubiri amemwambia mama kwamba Gertrude maana yake ni mkuki, kwamba mtoto atakuwa mtu wa vita, na kwamba laana hiyo hukatwa kwa maombi ya ukombozi na sadaka ya kutuma kwa M-Pesa. Je, jina libadilishwe?

Kwa sababu hiyo, hapana. Na asitume hata shilingi moja.

Ni kweli jina hili ni la Kijerumani cha kale na lina vipande viwili: ger, mkuki, na trud, nguvu. Lakini Wajerumani wa kale hawakuunga vipande ili watabiri maisha ya mtoto. Mara nyingi walichukua kipande kutoka jina la baba au la mama, wakakipachika kwa kingine, ukoo ujulikane. Katika utenzi wao wa kale, babu ni Heribrand, baba ni Hildebrand, mwana ni Hadubrand. Watu wa Dagoretti, ambao wamekuwa wakirithishana majina ya babu na nyanya vizazi na vizazi, wangepaswa kulielewa hili kabla ya mtu yeyote. Tazama pia Hildegund: vipande vyote viwili ni vita. "Vita vita" ni utabiri gani? Naye Fredegund, malkia wa Wafranki aliyefariki mwaka 597, alibeba amani na vita katika jina moja. Anayeuza maana za majina na atueleze ni kipi kati ya hivyo kilipaswa kumpata.

Na hao waliobeba "mkuki" ni akina nani? Gertrude wa Nivelles, aliyefariki mwaka 659, alikataa kuolewa akaongoza monasteri. Gertrude wa Helfta (1256–1302) aliingia utawani akiwa mtoto, akaandika juu ya sala. Gertrude Mongella wa Tanzania alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Nako Muthaiga kuna hospitali ya watoto, iliyoanzishwa mwaka 1947, yenye jina la Gertrude, mke wa mlowezi Ewart Grogan.

Je, ubatizo unalidai jina hili? Kwenye Biblia hamna Gertrude. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilitaka mbatizwa apewe jina la Kikristo, kwa kawaida la mtakatifu. Ya mwaka 1983 inazuia tu jina lisilolingana na hisia za Kikristo, kwa hiyo Wanjiru peke yake linatosha.

Hulipendi tu? Hilo ni jambo jingine. Mwite Trudy, au Wanjiru. Ukitaka kugusa cheti cha kuzaliwa, nenda kwa msajili kabla ya miaka 2 kupita tangu mtoto asajiliwe. Ukichelewa, ni wakili, hati ya kubadili jina, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Cucu aambiwe kabla ya wakili.