Nguruwe Ameshiba, Mbona Hakui?

Wafugaji wengi huona ajabu nguruwe anapokula pumba asubuhi na jioni, tumbo likajaa, na bado mwezi ukaisha bila uzito kuongezeka ipasavyo. Mmoja husema ni minyoo, mwingine husema ni mbegu mbaya. Hayo yawezekana. Lakini yafaa kwanza tukichunguze kihori, kwa maana shibe ni jambo moja na lishe ni jambo jingine.

Habari hii yawahusu ndugu zetu wasemao Kiswahili huko Malawi, wawe katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, au katika mitaa ya Lilongwe kama Area 36. Nchini humo chakula rahisi cha nguruwe ni pumba za mahindi, ambazo kwa Kichewa huitwa madeya. Pumba humtia mnyama nguvu, lakini protini yake ni kidogo, tena ina kasoro.

Kasoro hiyo ni nini? Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, kama neno lijengwavyo kwa herufi. Mtu mwenye herufi m nyingi asiye na a ya kutosha hawezi kuandika “mama” mara nyingi, hata akiwa na m gunia zima. Katika mahindi, herufi iliyo adimu kuliko zote kwa nguruwe ni lisini. Ikikwisha, asidi nyingine zilizobaki hazijengi nyama. Mwili huzivunja na kuzitoa kwa mkojo, na fedha ya mfugaji huenda pamoja nao. Nguruwe wa namna hiyo hukua polepole, na hata akinenepa, mafuta huzidi nyama.

Mama zetu hulitatua jambo hili jikoni wapikapo makande. Maharage huleta lisini ambayo mahindi hayana ya kutosha, nayo mahindi huziba pengo la maharage. Kwa nguruwe, maharage ya soya ndiyo yafaayo zaidi, nayo hulimwa kwa wingi katika eneo la kati la Malawi. Lakini soya mbichi isitolewe kamwe. Ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ikaangwe hadi iive mpaka ndani, au ichemshwe kwa dakika 30 na kuanikwa, ndipo isagwe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nguruwe anayekua, mwenye kilo 30 hadi 60, huhitaji chakula chenye protini ipatayo sehemu 16 kwa 100. Pumba zina karibu 10, na soya iliyokaangwa karibu 36. Changanya basi kilo 20 za pumba na kilo 6 za soya. Ongeza chumvi kidogo na unga wa mifupa au chokaa ya mifugo, na maji safi yasikosekane. Vitoto vilivyoachishwa kunyonya huhitaji soya zaidi, na jike anyonyeshaye asipunjwe. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Malawi, wana lisini nyingi pia. Wapepetwe mchanga, na waachwe majuma machache kabla ya kuchinja ili nyama isinuke samaki.

Familia zilizo karibu na bwalo la askari hupata mabaki ya chakula. Ni msaada mkubwa, lakini yana hatari. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyozoeleka katika eneo la kati la Malawi kwa miaka mingi, huweza kuenezwa na mabaki yenye nyama ya nguruwe. Ugonjwa huo hauna tiba, na banda zima laweza kufa kwa siku chache. Mabaki yenye nyama ya nguruwe yasitolewe kabisa, na mengine yachemshwe kwa dakika 30, yakikorogwa.

Mwenye fedha kidogo asianze kwa kununua gunia la pili la pumba. Anunue soya kidogo, aikaange, kisha ampime nguruwe kifuani kwa kamba kila baada ya majuma mawili, akifunga fundo kila mara. Mafundo yakiachana, chakula kinajenga nyama. Yakikaribiana sana, na amwite bwana mifugo mapema.