Paka, mbwa na unga wa sahani: figo zilifeli vipi?

Ukiongeza maji kwenye maziwa, kipima maziwa kitakuumbua. Muuzaji mjanja analijua hilo, kwa hiyo anatia sukari au unga kidogo mpaka kipimo kirudi panapotakiwa. Kifaa hakijaharibika. Kinapima uzito wa kimiminika tu, na uzito umerudi, ila maziwa hayajaongezeka.

Leo tuangalie ujanja wa namna hiyo hiyo, ila huu ulipitia kwenye chakula cha wanyama.

Machi 2007, madaktari wa mifugo huko Marekani na Kanada walikuwa wanapokea paka na mbwa wenye dalili zinazofanana: wamegoma kula, wanatapika, wamelegea, wanakunywa maji mengi na kukojoa sana. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimefeli. Tarehe 16 Machi kampuni ya Menu Foods, iliyokuwa ikitengeneza chakula cha chapa karibu 100, ilianza kurudisha kutoka madukani makopo na pakiti zaidi ya milioni 60. Maabara moja ya New York ilidhani tatizo ni sumu ya panya. Mwisho wa mwezi, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikataja kitu ambacho wengi hawakukitarajia: melamini.

Ndiyo, melamini ile ile ya sahani ngumu zisizovunjika kirahisi. Sahani iliyokwisha kutengenezwa ni plastiki iliyoshikamana, lakini malighafi yake ni unga mweupe. Unga huo ulikutwa kwenye gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China, ambayo viwanda hutumia kuongeza protini na kufanya mchuzi wa kwenye kopo uwe mzito.

Sasa, nani anaweka malighafi ya plastiki kwenye chakula, na kwa nini?

Jibu liko kwenye kipimo. Mwaka 1883, mkemia wa Denmark Johan Kjeldahl alibuni njia ya kupima naitrojeni kwenye nafaka. Protini ina naitrojeni kama asilimia 16, kwa hiyo ukiipata naitrojeni unazidisha kwa 6.25, unapata protini. Njia ni rahisi, na inatumika hadi leo. Lakini angalia vizuri: hapo hakuna aliyeiona protini yenyewe. Tumehesabu naitrojeni, tukadhania yote imetoka kwenye protini.

Melamini ina naitrojeni asilimia 66 na zaidi. Piga hesabu: gramu 1 ya melamini inasomeka kwenye karatasi kama gramu 4 na ushee za protini. Mnyama hapati lishe yoyote humo, ila mzigo unapanda bei.

Hapa watafiti walikwama kidogo. Melamini peke yake si sumu kali. Panya wa maabara huhitaji kiasi kikubwa sana ili wafe. Paka walikufaje basi? Kumbe unga uliotumika haukuwa safi. Ulikuwa na mabaki ya kiwandani, na ndani yake kulikuwa na kemikali ya pili, asidi ya sayanuriki, ambayo nayo peke yake haina ukali mkubwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walijaribu kwa paka wachache. Aliyepewa melamini tu hakuugua. Aliyepewa asidi ya sayanuriki tu, vivyo hivyo. Waliopewa zote mbili, ndani ya saa 48 figo zilikuwa zimefeli.

Kinachotokea ni hiki. Kemikali zote mbili zinasafiri kwenye damu zikiwa zimeyeyuka, na mwili unazitoa kupitia mkojo. Kazi ya figo ni kuchuja damu, halafu kurudisha maji mwilini ili mkojo uwe mzito. Maji yakipungua, kemikali hizo zinakaribiana na kushikana. Kiwanja kinachoundwa karibu hakiyeyuki kabisa, kwa hiyo fuwele za rangi ya kahawia zinaziba vimirija vya figo. Mkojo haupiti, na tishu zinaharibika. Ni kama sinki kuziba, tofauti ni kwamba sinki utafungua.

Kuna jambo linalouma zaidi. Mwaka 2004 mbwa na paka barani Asia walikuwa wameugua hivyo hivyo. Sampuli za figo zao zilipolinganishwa na zile za 2007, fuwele zilikuwa za aina moja. Onyo lilikuwepo miaka 3 kabla.

Na onyo la 2007 lenyewe halikutosha. Septemba 2008 ilijulikana kwamba nchini China maziwa yaliyoongezwa maji yalikuwa yanatiwa melamini ili kipimo cha protini kisishuke. Watoto karibu 300,000 waliathirika, na 6 walithibitishwa kufa. Kwao hata asidi ya sayanuriki haikuhitajika. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuvunja asidi ya yuriki, sisi binadamu hatuna, na mkojo wa kichanga una asidi hiyo nyingi. Melamini ilishikana nayo ikatengeneza vijiwe.

Mwaka 2010 shirika la viwango vya chakula duniani, Codex, liliweka ukomo: miligramu 1 ya melamini kwa kilo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, na 2.5 kwa vyakula vingine, pamoja na vya mifugo. Maabara zenye vifaa vya kutosha sasa zinaitafuta melamini yenyewe.

Wewe unayefuga kuku au mbwa, soma mfuko. Ukiona "protini ghafi asilimia 18", jua kwamba mara nyingi hiyo ni naitrojeni iliyozidishwa kwa 6.25. Hata mbolea ya urea ingesomeka kama protini hapo, na kuku hawezi kuitumia. Kwa hiyo muulize muuzaji protini hiyo imetoka wapi: soya, mashudu au dagaa? Bei ikiwa chini mno kuliko ya wenzake, uliza mara mbili. Na mnyama wako akianza kunywa maji na kukojoa kupita kawaida baada ya kubadilishiwa chakula, kisimamishe, kihifadhi kidogo kwa ajili ya maabara, umuite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.