Pombe ya Ndizi na Pini Saba: Mchoro wa Uzazi kutoka Bunyoro

Mwaka 1884 jarida la tiba la Edinburgh, Uskochi, lilichapisha mchoro wa mwanamke wa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, amelazwa kitandani, akipasuliwa ili mtoto wake atolewe. Mchoro uliambatana na ripoti ya Robert Felkin, Mwingereza aliyekuja Uganda na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) kabla hajamaliza masomo ya udaktari. Alieleza kwamba tukio hilo aliliona kwa macho yake mwaka 1879, enzi za Omukama (mfalme) Kabalega.

Picha za mwili wa mjamzito zilikuwa na historia ndefu kwingineko. Japani, mafundi walichonga mbao, wakazipaka wino na kuchapa picha za mimba mwezi baada ya mwezi, tumbo likiwa wazi kama dirisha. Katika miezi ya kwanza hawakuchora mtoto hata kidogo, bali vyombo vya ibada ya Kibudha. Wakunga nao walipata elimu mpya: kitabu cha tabibu Kagawa Gen'etsu cha mwaka 1765 kilifundisha kwamba mtoto tumboni kwa kawaida hulala kichwa chini. Mchoro wa Kahura hauoneshi mtoto wala tumbo la ndani. Unaonesha kazi yenyewe: nani kasimama wapi, nani kashika nini.

Mama alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa. Leo kazi hiyo ya kupunguza maumivu kwa kawaida hufanywa na sindano ya ganzi. Mbugu, yaani nguo ya gome la mti, ilimfunga kifuani na mapajani. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, mwingine akalituliza tumbo. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji, akaliosha na tumbo vivyo hivyo. Pombe hiyo haina kilevi cha kutosha kuua vijidudu vyote, lakini kunawa kabla ya kushika kisu lilikuwa jambo ambalo madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado wakilibishania, miaka 12 baada ya daktari Joseph Lister kutangaza njia yake ya kuzuia vidonda kuoza.

Alikata kwa haraka, wima, kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi aligusa mishipa iliyovuja kwa chuma cha moto. Mtoto alipotolewa, mpasuaji alikitupa kisu na kuukanda mji wa mimba kwa mikono miwili hadi ukajikaza, kisha akatoa kondo la nyuma. Hapa ndipo penye ustadi mkubwa kuliko pote. Mji wa mimba ukijikaza hubana mishipa yake wenyewe na damu hupungua, na huenda ndiyo maana mama huyu alipona ingawa mji wenyewe haukushonwa. Huko Ujerumani, daktari Max Sänger alianza kuhimiza kuushona mwaka 1882 tu, na hadi wakati huo mama wengi wa Ulaya waliopasuliwa walikufa.

Mama alibinuliwa ubavuni ili maji na damu vimwagike nje. Kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma na nyuzi za mbugu, kikapakwa rojo la mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Pini zilianza kutolewa siku ya tatu, zikaisha siku ya sita. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mtoto alikuwa na mkwaruzo begani tu.

Ripoti haimtaji mama kwa jina, wala mpasuaji, kasoro kubwa kwa mtu aliyekuwa makini hivyo kuhesabu pini. Ushahidi nao unamtegemea Felkin, ambaye baadaye alizama katika vyama vya siri vya mizungu na kufia New Zealand mwaka 1926. Hata hivyo, mwaka 1959 J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Makerere, alitetea kwa maandishi kwamba Bunyoro ilikuwa na utabibu wa kuchunguza na kujaribu, na kwamba mkono wa namna ile haukuwa ukipasua kwa mara ya kwanza. Vita vya Waingereza dhidi ya Kabalega, kuanzia mwishoni mwa 1893 hadi alipokamatwa mwaka 1899, viliiacha Bunyoro na njaa, maradhi na watu waliotawanyika, wakiwemo waganga wake.